Mafuta ya Mkia

Risasi ilimpata shemeji yangu kwenye paja kabla jua halijachomoza. Wezi wa mifugo walikuwa wamevunja boma na kuondoka na ngamia upande wa mto, naye akawakimbilia na rungu tu mkononi, kama mtu anayefukuza mbwa. Tulipomfikia, mchanga chini yake ulikuwa umeshageuka tope jekundu. Dada yangu, mke wake, alimfunga paja kwa leso, akaikaza kwa kijiti mpaka mume wake akapiga kelele, kisha akanigeukia.

"Washa pikipiki. Mpeleke Isiolo. Akifia hapa usikanyage tena kwangu."

Tulikuwa mbele kidogo ya Gotu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kwenye barabara ile gari lingeweza kupita leo au wiki ijayo. Pikipiki ilikuwa moja tu, kuukuu, ya baba yangu mdogo, niliyozunguka nayo mabomani kununua ngozi za duka lake. Nilipiga kiki. Nikapiga tena na tena. Injini ilizunguka bila hata kukohoa.

Mdogo wake shemeji, mwanamume wa rika langu, alisimama nyuma yangu na fimbo ya kuswagia ngamia.

"Jana ilikuja ikinguruma. Leo imekuwa punda?"

"Ngoja niangalie."

"Ningoje nini? Damu inangoja?"

Nilichomoa mpira wa petroli, petroli ikatiririka. Nikafungua plagi, nikaikuta imelowa. Kwa hiyo petroli ilikuwa inafika, ila hakuna kitu cha kuichoma. Niliichomeka plagi kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikaitilia kivuli kwa koti ili nione cheche, kisha nikachuchumaa na kusukuma kiki kwa mkono. Hakuna kitu. Hapo ndipo fimbo iliponishukia mgongoni.

"Nyinyi watu wa taun! Mnachezea vyuma na ndugu yangu anakauka!"

Fimbo ya pili ilinipata mdomoni. Jino likaning'inia. Nilikuwa na spana mkononi, nikampiga nayo kwenye goti, akaanguka juu yangu, tukaviringika vumbini tukitafutana koo, huku shemeji akitutukana sote wawili pale alipolala. Dada ndiye aliyetuachanisha. Alimshika mdogo wa mume wake nywele, akamvuta kama mbuzi.

"Mpige akitoka Isiolo," alimwambia. "Sasa hivi anahitaji mikono yake."

Niling'oa jino lile mwenyewe, nikalitupa, nikarudi kwenye pikipiki. Nimezunguka sana tangu siku ile, nimelala Moyale, nimelala Lodwar, nimelala kwenye miji ambayo sikumbuki nilifuata nini huko, na mpaka leo nikisikia mtu anapiga kiki isiyojibiwa, ulimi wangu unakwenda wenyewe kwenye pengo.

Waya wa plagi ulikuwa mzima. Ilibaki pointi, vile vidomo viwili vya chuma vinavyofunguka na kujifunga ili cheche iruke. Nilikuwa nimezifuta vumbi jioni iliyotangulia, na nilipoitwa chai kabla sijamaliza, shemeji alinifungia kile kifuniko cha pembeni kwa mkono wake. Sasa nilipokifungua, nilikutana na harufu ya kondoo. Vidomo vyote viwili vilikuwa vimezama kwenye mafuta meupe yaliyoganda, yamejazwa kwa kidole, kwa mapenzi kabisa.

Niliyakinga kwa bega yasionekane. Fimbo ilikuwa bado karibu. Nilipangusa kwa upindo wa shati, nikaosha kwa petroli, nikakata kipande cha ubavu wa kiberiti na kukipitisha katikati ya vidomo mpaka vikang'aa. Nafasi nikaipima kwa wembe.

"Nipe huo waya," alisema yule wa fimbo. "Nione uongo wako."

Nilimpa. Akaushika ncha kwa vidole, nikasukuma kiki. Alirushwa akakaa chini, akainuka macho yamemtoka na kunitandika ngumi ya sikio, akidhani nataka kumuua.

"Ipo!" nilipiga kelele, mate na damu. "Cheche ipo!"

Injini ilipolia, walimfunga shemeji mgongoni kwangu kwa kamba ya ngamia. Kila jiwe lilikuwa linagonga paji lake kwenye kisogo changu, na kila mara anapiga yowe. Yowe lile nililipenda. Alipokuwa anazama kimya nilimpiga kiwiko cha ubavu.

"Nitukane, shemeji! Usilale!"

Alinitukana mpaka Ngare Mara. Halafu akasema polepole, shavu lake kwenye bega langu: "Inakwenda vizuri. Jana niliipaka mafuta ya mkia. Ule mdomo wake ulikuwa mkavu sana, abo, ndugu yangu. Nikamwonea huruma."

Nilimpiga kiwiko kingine, hicho hakikuwa cha kumwamsha.

Hakufa. Mguu ulibaki mfupi, lakini hakufa. Alikuwa bado kitandani hospitalini mdogo wake alipofika kwetu Kiwanjani, pale pale Isiolo, akikokota kondoo dume wa kunilipia jino.

"Salaam aleikum, shemeji. Kaka amesema nyama mle. Mkia msiguse, ni wa pikipiki. Anasema bila mafuta yake isingefika."

Nilimpiga ngumi ya mdomo, pale pale mlangoni. Mama yangu alipiga yowe jikoni. Yeye alitema damu, akapapasa meno kwa ulimi, moja baada ya lingine, akayakuta yote.

"Tumemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza."

Akanishikia miguu ya kondoo nikachinja. Mkia mama aliukaanga, nikampelekea shemeji kwenye bakuli lenye kifuniko. Alikula akilamba vidole, kisha akasimamisha mkono hewani.

"Na ya pikipiki?"

"Nimeshaipaka," nilimwambia.