Buibui la Wino

Mwezi wa Shaabani, mwaka 1966, nilifiwa na dada yangu wa tumbo moja. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, chumbani Majengo, alikoishi na wanawake wenzake waliopokea wanaume wa bandarini Kilindini. Kwetu Mji wa Kale kazi yao haikutajwa, wala jina lake. Sisemi alikuwa mwema kwa kila mtu. Alikuwa mkali na matusi aliyajua.

Mpiga picha mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akenda kule na kamera. Miezi ya mwanzo alikunywa kahawa nao tu, hata wakamzoea, wakaacha kujipodoa akiingia. Ndipo akaanza kuwapiga picha. Siku alipompiga dada, alimkuta akisukwa, kichwa wazi, nywele nusu zimelala nusu zimetimka, naye anacheka. Hakuwa na picha nyingine duniani.

Arubaini ilipokwisha nilikwenda dukani kwake kuiomba. Mjomba alikuwa amenitangulia, amekaa kitini. Mpiga picha ameiinamia picha, brashi mkononi, akimvisha dada buibui kwa wino mweusi. Nywele zilikwisha kufunikwa.

"Namsitiri, mwanangu," aliniambia. "Na mdomo nitaufunga. Mjomba wako atamtundika ukumbini."

"Na filamu yake, Ami?" nilimwuliza mpiga picha.

"Hiyo itachomwa," Mjomba alijibu.

"Haichomwi. Ami, nisafishie nyingine kama alivyokuwa."

"Watu watasemaje?" Mjomba aliuliza.

"Watasema waliyokuwa wakisema. Mjomba, alipokuwa hai hukumtaka kwa kuwa kichwa ki wazi. Leo amekufa, wamtaka bila kichwa?"

"Una ulimi wa dada yako!"

"Ahsante."

Nikamgeukia mwenye brashi. "Hilo buibui hakulivaa mbele yako hata siku moja. Kahawa yake uliinywa. Sasa wamwonea haya?"

Aliweka brashi, akachukua filamu, akaingia chumba cha giza na kufunga mlango. Mjomba akaondoka bila kuaga. Nilingoja mpaka picha ikatoka, bado ina unyevu. Aliponipa bahasha nikaikataa.

Nilipita na picha barabara ya Ndia Kuu, nimeishika kifuani, uso wake umeelekea watu. Barazani mama mmoja jirani alinyoosha shingo.

"Wee! Huyo si yule?"

"Ndiye," nikamwambia, nikasimama amtazame.