Kamba ya Radi

Nilipokuwa mtoto, huko Kasoli, radi ilikuwa na mwenyewe. Ikipiga mti, watu hawakuuliza wingu limetoka wapi. Waliuliza nani kagombana na nani. Mvua ikianza kunguruma tulifunika kioo kwa khanga, tukaingiza masufuria ndani, na mtoto aliyechelewa kuvua shati jekundu alizabwa kofi. Nilikua na mambo hayo kama nilivyokua na ugali na maziwa ya mgando. Hata leo, mtu mzima mwenye karakana yake mjini Bariadi, ngurumo ikipasua karibu natazama kwanza kioo kilipo. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nina hasira kwa sababu nawadharau watu wa kwetu. Hasira yangu ina mahali pake.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, niliyemwita Maama kama sisi Wasukuma tunavyowaita bibi zetu. Baba alifariki ningali mdogo, mama akaolewa Mwanza, nikabaki na Maama. Yeye alikuwa mke mdogo wa babu. Babu alipofariki alimwachia nyumba na shamba la bondeni, udongo mweusi unaoshika maji, mpunga ukistawi hata mwaka wa mvua haba. Jirani yetu alikuwa Baba mkubwa Maduhu, mtoto wa mke mkubwa, mtu wa ng'ombe wengi na sauti nzito mikutanoni. Kila alipotaja shamba lile aliliita "shamba la baba". Maama alimjibu kwa upole, "Kweli, la baba yako," kisha akainama kuendelea kupalilia.

Maama alikuwa na macho mekundu. Alipikia miti ya pamba iliyokauka na samadi, jiko lilikuwa ndani, na moshi ulimkaa machoni miaka yote. Mimi niliyaona macho ya mtu anayenipikia. Wengine waliona macho ya mchawi, ila wakati ule walikuwa bado hawajalisema mbele yetu.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa sayansi alichora msumari ubaoni, akauzungushia waya, akachora betri pembeni, akaandika: sumaku ya umeme. Tukanakili, kengele ikalia, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyeiona hiyo sumaku. Mimi mchoro ule haukunitoka kichwani. Nilitaka kujua kama ni kweli msumari wa kawaida unaweza kuwa sumaku na kuacha kuwa sumaku kwa kugusisha waya tu.

Babu alikuwa ameacha baiskeli iliyokufa, na kwenye gurudumu lake dainamo ya taa. Niliipasua kwa jiwe. Ndani mlikuwa na waya mwembamba wa shaba, mrefu ajabu, unang'aa kama umepakwa mafuta. Niliuzungusha kwenye msumari mrefu, tabaka juu ya tabaka, nikihesabu mizunguko mpaka nikapotewa na hesabu. Betri za redio zilizochoka nilizianika juani kama watu wote walivyofanya, zikapata nguvu kidogo, nikazipanga ndani ya karatasi ngumu niliyoikunja. Nikagusisha. Hapakutokea kitu.

Nilijaribu kwa majuma. Nilibadilisha betri, nikabadilisha msumari, nikafumua na kuzungusha upya. Nililia kwa hasira za kitoto. Siku moja ncha ya waya iliangukia kwenye makaa ya Maama, ikatoa harufu kali kama nywele zinazoungua. Nilipoichomoa nikaona shaba imebadilika rangi, nikaikwangua kwa wembe, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kung'aa kule kulikuwa vanishi na vanishi inazuia umeme. Nikakwangua ncha ya pili. Nikagusisha. Kizibo cha soda kilichokuwa karibu kiliruka na kunasa kwenye msumari.

Sijawahi kupata furaha kama ile, na nimeolewa, na nimezaa. Nilimwita Maama kwa kelele akatoka mbio akidhani nyoka kaingia. Nilimwonyesha: nikigusisha, vizibo vinapanda, nikiachia, vinaanguka. Akakaa chini mchangani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaleta sindano yake, akaitupa mchangani makusudi, akaniambia niitafute kwa chombo changu. Nikaipata. Akaniangalia kwa namna ambayo sijaangaliwa tena na mtu yeyote.

Lakini jioni ile, akinimiminia uji, alisema, "Ng'wanawane, mwanangu, kitu chako ni kizuri. Usikionyeshe watu."

"Kwa nini, Maama? Mwalimu ndiye katufundisha."

"Watu hawatauliza mwalimu."

Nilikuwa mtoto. Nilikionyesha kwa watoto wa Baba mkubwa, na wao wakamwita baba yao. Nakumbuka vizuri sana alivyokuja, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nifanye. Aliona vizibo vikipanda. Aliona betri, maana zilikuwa betri za redio yake mwenyewe alizozitupa. Alicheka akasema, "Huyu angekuwa mvulana, ningemfanya fundi." Nataka hilo likumbukwe. Baba mkubwa Maduhu alikijua kile kitu ni nini. Alikicheka mkononi mwangu mchana kweupe.

Mvua za kwanza za msimu ule zilikuja na ngurumo. Mchana mmoja tukiwa ndani na Maama, kioo kimefunikwa, ilipiga radi ambayo ilitikisa vyombo kabatini. Tukasikia mayowe kwa Baba mkubwa. Maksai wake wa kulimia, wale aliojivunia, walikuwa wamefungwa chini ya mkwaju. Mti ulipasuka na wote wawili walilala miguu juu. Maama alijifunga khanga akaenda kumpa pole. Alirudi upesi.

"Hawajaitikia salamu," akasema. Akaketi akavua viatu taratibu.

Kesho yake Baba mkubwa alileta mganga kutoka mbali. Watu walijaa uwanjani kwetu kabla jua halijapanda, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na vijana wenye marungu. Mwalimu wangu wa sayansi naye alikuwepo, kwa sababu alikuwa amepanga chumba kwa Baba mkubwa. Mganga alizunguka nyumba yetu akinusa, akapiga chafya, akaingia ndani, na bila kuhangaika akaenda moja kwa moja chini ya kitanda cha Maama, kwenye sanduku la bati nilimowekea vitu vyangu. Hakufungua chungu wala hakugusa kapu. Akatoka na koili yangu, ule msumari wenye waya, ameishika kwa kitambaa kama mtu aliyebeba nyoka.

"Kamba ya radi hii hapa," akasema. "Imefungwa kwenye msumari. Huyu mama anaifungua, radi inatoka."

Wanawake wakapiga yowe. Mimi nilipita katikati ya miguu ya watu mpaka mbele.

"Ni yangu! Niliitengeneza mimi! Baba mkubwa, waambie, uliiona, ulicheka!"

Baba mkubwa alitazama juu ya kichwa changu. "Mtoto anamtetea bibi yake," akasema. "Ni kawaida."

Nilikimbia ndani nikaleta betri na vizibo. Niliamini, kwa akili yangu ya utoto, kwamba wakiona watacheka kama Maama alivyocheka. Nilimnyang'anya mganga koili, naye akaiachia upesi, nadhani kwa hofu, nikapiga magoti mbele ya kijiji kizima nikagusisha waya. Vizibo vikaruka vikanasa.

Umati ulirudi nyuma kama umemwagiwa maji ya moto. Mwanamke mmoja alianguka. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mmeona! Keshamfundisha na mjukuu!"

Hapo nikamtafuta mwalimu. Alikuwa amesimama ukutani, mikono kifuani, shati lake jeupe limepigwa pasi.

"Mwalimu! Waambie ni sumaku ya umeme! Wewe ndiye uliyetuchorea!"

Watu wote wakamgeukia. Lilikuwa jambo la sentensi moja tu, nayo alikuwa nayo mdomoni, niliiona. Akamtazama Baba mkubwa, mwenye nyumba wake. Kisha akasema, "Mimi niliwachorea ubaoni. Kitu kama hicho sijawahi kukileta darasani."

Ni kweli, hakuwahi. Hakuna uongo hata mmoja katika maneno yale, na ndiyo maana hadi leo yananichoma kuliko maneno ya mganga.

Kijana mwenye rungu alipiga hatua kumwelekea Maama. Yeye hakupiga kelele. Alimtazama kwa yale macho yaliyoharibiwa na moshi akasema, "Wewe nilikupokea siku ya kuzaliwa. Mama yako yupo hapo, muulize." Rungu likashuka. Sijui kama ni aibu au ni hofu, lakini lilishuka, na maneno yale ndiyo yaliyookoa maisha yake. Mwenyekiti akasema basi, damu isimwagike. Bibi aondoke, asilale kijijini. Watu wakaitikia. Mganga aliiponda koili yangu kwa jiwe mpaka waya ukakatikakatika, akaizika njiapanda.

Tuliondoka mchana huohuo, yeye na furushi kichwani, mimi na kuku wawili. Njiani tulikutana na watu ambao Maama aliwasalimu, "Mwadila," na wakavuka upande wa pili wa barabara. Watu aliowauguza na kuwapikia misibani. Alisalimu kila mmoja hivyohivyo mpaka tulipotoka nje ya kijiji.

Kaka yake alikuwa mfugaji huko Bukundi, Meatu. Alitupokea bila kuuliza, akatupa kibanda kando ya zizi. Msimu huohuo tulisikia kwamba Baba mkubwa amelima bondeni. Alilima mapema, kabla hata mifupa ya maksai wake haijakauka, kwa maksai wa kuazima. Na mwaka uliofuata radi ilipiga tena Kasoli, ikaunguza ghala la pamba, wakati Maama yuko mbali akichunga mbuzi. Hakuna aliyetuma mtu kuja kumwambia, "Mama, tulikosea."

Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulisimulia kwa mtu mpaka nilipokuwa na watoto wangu. Alasiri moja huko Bukundi tulikuwa tunachambua kunde mlangoni. Maama, bila kuinua kichwa, akaniuliza:

"Minza. Niambie kweli, sitakasirika. Kile kitu hakikuiita radi?"

Nikamweleza yote: dainamo, vanishi, betri, kwamba nguvu yake haiwezi kuinua hata kijiko kizito, achilia mbali kufika mawinguni. Nilieleza nikilia. Yeye alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Basi, ng'wanawane. Basi." Akaendelea na kunde zake. Hakuuliza tena. Wala sijui kama aliniamini au aliacha tu kwa sababu nilikuwa nalia. Alifariki pale Bukundi nikiwa sekondari, akazikwa kwa kaka yake.

Mimi nilisoma ufundi umeme. Leo nawaindi, yaani nazungushia waya upya, mota zilizoungua: za mashine za kusaga na za pampu za maji. Siku nzima mikono yangu imo kwenye waya wa shaba. Mwaka huu mzee mmoja aliingia karakana na mwenzake. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamtazama.

"Mnamwona huyu?" akamwambia mwenzake na mafundi wangu. "Sayansi nilimfundisha mimi."

Nilimwamkia, maana heshima nilifundishwa na Maama. Kisha nikaweka chini koleo nikamuuliza, "Mwalimu, siku ile ulijua ni nini?"

Hakujifanya hakumbuki. Hilo nampa. Alitazama mlangoni akasema, "Nilijua, Minza. Lakini nilikuwa mgeni pale, mke wangu kajifungua juzi yake. Ningesema, wangeniunganisha na bibi yako."

"Na kesho yake je? Na muhula mzima uliobaki? Ulikuwa na ubao na chaki kila siku, mwalimu. Watoto wao wote walikuwa mbele yako."

Mwenzake akamshika mkono, wakatoka. Mafundi wangu walinitazama. Nikawaambia waendelee na kazi.

Wachungaji na marafiki wananiambia nisamehe, na mimi si mtu wa kubeba chuki isiyo na jina. Yule mwanamke aliyeanguka alikuwa anaogopa kweli, nimemsamehe. Kijana wa rungu aliogopa, na alishusha rungu, nimemsamehe. Hata kwa mganga najua alikuwa anafanya kazi aliyoitiwa. Wanaobaki ni wawili, ambao hawakuogopa koili yangu hata kidogo. Mmoja alipata shamba na mwingine aliendelea kukaa katika chumba chake. Yaliyonipata mimi labda ningeweza kuyaachilia. Lakini Maama alikufa akiwa hana hakika kama mkono wa mjukuu wake ndio uliomfukuzisha nyumbani, na hilo si langu kusamehe.