Ndoano ya Mlinzi wa Lango

Ukitaka kumjua mtu mwenye hofu ya kweli, usimtafute vitani. Mtafute mtembeza wageni wa jumba la makumbusho, yule ambaye mtaani wanamwita Funguo kwa sababu ya kicha cha funguo kinacholialia kiunoni mwake, siku mkuu wake alipomwambia: "Jumamosi milango wazi, hakuna kiingilio. Nataka wakazi wa mtaa huu wajae. Wewe ndiye utakayewaalika."

Miaka tisa Funguo alikuwa ametembeza wageni wa mbali, watu wa kupiga picha na kuitikia kwa kichwa. Walichokipenda zaidi ni ndoano ya chuma, ndefu kama mtu, iliyotundikwa chumba cha pili. Kibao kilisema: SILAHA YA MLINZI WA LANGO. Hadithi yake alikuwa nayo kamili: mlinzi mmoja, wezi saba, na damu kidogo. Ukweli ni kwamba ndoano ililetwa ndani ya gunia bila maelezo yoyote, mkuu akataka kibao kabla ya saa kumi, naye Funguo akatunga. Uongo ukazoea ukuta.

Sasa awaite watu waliozaliwa hapa hapa, wanaovijua vyombo vya kwao? Alizunguka akipiga hodi kama mtu anayeomba asifunguliwe.

"Karibu makumbusho Jumamosi," alinong'ona dukani kwa shemeji yake, dada wa mkewe, muoka mikate kama baba yake na babu yake.

"Nikaone nini? Mali ya kale si wewe? Nakuona bure kila siku."

"Kweli, shemeji, hakuna cha maana. Usijisumbue."

Hapo alikosea. Shemeji alipangusa unga mikononi. "Tangu lini mwenye duka akafukuza wateja? Nakuja, na wanangu wote nawaleta."

Jumamosi watu walijaa hadi ngazini. Waliopita mbele ya jumba lile maisha yao yote ndiyo kwanza walikuwa wanaingia. "Loo, kumbe ndani kuna ubaridi hivi!" Wengine walibishana mbele ya picha ya mtaa wa zamani, nyumba ya nani ilikuwa wapi. Funguo hakusikia kitu. Macho yake yalimfuata shemeji: chumba cha kwanza, mlangoni, chumba cha pili. Shemeji akasoma kibao. Akakisoma tena.

"Hebu tupe ile ya wezi saba," mkuu akasema, anatabasamu.

Funguo aliigeukia ndoano. Shemeji alimtazama tu, na yeye kwa utani hana huruma. Neno moja lingetosha kumuumbua. Lakini hakulisema. Ukimya ule ndio uliomshinda.

"Hakuna wezi," alisema. "Nilitunga. Hiki kitu sikijui."

Tabasamu la mkuu likabaki usoni kama kofia iliyosahauliwa.

"Mimi nakijua," shemeji akasema. Akatanua miguu, akashika hewa, akavuta kutoka mbali. "Cha kuvutia trei za mikate kutoka mwisho wa tanuri. Baba alikuwa nacho hivi hivi. Jamani, mlinzi gani huyo, anawatisha wezi kwa mkate?"

Watu waliangua kicheko. Mkuu hakucheka.

"Vibao vingine humu nani kaandika?"

"Mimi."

"Vya kweli vingapi?"

"Vingi. Vingi kiasi."

Mkuu akamkabidhi kalamu. "Anza na hiki, mama akuelekeze. Vilivyobaki utavipitia na watu hawa, kila Jumamosi. Ukinitungia kingine, kazi huna."

Funguo akaandika haraka, hata neno TANURI likapanda mlima. Nyuma yake fundi viatu mmoja alikuwa ameshainamia kabati la tatu, kidole kimegusa kioo.

"Na hiki cha kukatia ngozi," akaita, "nani kasema ni cha kunyolea?"