Moto Ulio Chini ya Maji

Tuyisenge anaishi kwa miguu ya watu. Msimcheke. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, hushuka hadi kwenye maji ya moto ya Nyamyumba, yale yanayochemka kando ya ziwa na wenyeji huyaita amashyuza, akakunja suruali na kungoja wenye maumivu. Huja wachezaji mpira walioteguka vifundo, huja wazee, huja akina mama wa Goma ambao hawana ugonjwa wowote ila kuvuka mpaka na mizigo kila siku ya Mungu. Huwaketisha kwenye jiwe, miguu majini, akawakanda kwa udongo laini wa pale pale mpaka wasahau kwamba walikuja wakichechemea.

Kazi hiyo aliianzia kwa mama yake. Mukandori ana miaka themanini na ushei, na magoti yake yalishakataa utumwa zamani. Bila maji yale huamka amekakamaa kama gogo. Akikandwa asubuhi, jioni utamkuta shambani anapalilia maharage huku akimsema jirani. Kwa hiyo siku alipogoma kwenda majini, nyumba nzima ilivurugika.

Chanzo kilikuwa ibada. Pasta Ildephonse ni mtu mwema, lakini ulimi wake ukishapata joto hauna breki. Jumapili hiyo aliwakemea vijana wanaokwenda kule na chupa za bia na kuoga uchi mchana kweupe. Akauliza, mnadhani maji yale yanachemshwa na nani? Chini kuna moto, na moto ule una mwenyewe, ni Shetani! Kanisa zima likaitikia amina. Mukandori peke yake alinyamaza. Kesho yake Tuyisenge alipokuja kumchukua, alimkuta amegeukia ukuta.

"Mi siendi," alisema.

"Na miguu je, mama?"

"Ikae vile iko."

Basi ikakaa. Kwanza mama akaacha shamba, halafu akaacha kukaa mlangoni, halafu Tuyisenge akawa anambeba kumpeleka msalani, naye amejifunika uso kwa kitenge kwa aibu. Mama mzima kubebwa na mwanawe wa kiume, tena kwa haja kama ile! Tuyisenge aliumia sana. Akaona dawa ni moja tu: amtafutie huyo Shetani makazi mengine, mbali na Nyamyumba.

Akaanza kwa mwenye maneno yake. Alimkuta pasta akipaka rangi madirisha ya kanisa, akamweleza mkasa wote. Pasta akaweka brashi chini.

"Yewe, Tuyisenge, mi nilikuwa nafukuza bia, sikufukuza mukecuru, mama muzee kama yule. Shetani hakai pale. Alikuwa malaika, tena muzuri kupita wote. Akajivuna, akatupwa. Mpaka sasa anazunguka tu duniani, hana kwake."

"Na moto?"

"Moto umewekwa kwa ajili yake, ataingia siku ya mwisho. Mwambie mama nitakuja kumuombea."

Tuyisenge akashukuru, lakini hakuridhika. Neno moja la pasta lilikuwa limemvunja mama, na neno moja halitoshi kumuunga. Akapanda pikipiki hadi sokoni Gisenyi, kwa Kadiri, mume wa dada yake. Kadiri ni Mwislamu, mzaliwa wa Goma, muuza samaki, na mtu ambaye ukimuuliza bei ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, anaanzia kwenye uumbaji wa samaki.

"Shemeji, nyinyi mulianza vibaya," alisema Kadiri, mikono imejaa magamba. "Ibilisi hakuwa malaika. Malaika ni wa nuru, haasi. Yeye ni jini, aliumbwa na moto. Aliambiwa asujudu mbele ya Adamu, akakataa. Eti mimi wa moto, huyu wa udongo, namusujudia namna gani? Kiburi tu. Donc, kwa hiyo sasa yuko na sisi hapa, ananong'ona masikioni." Akamtazama Tuyisenge vidole. "Na ule udongo unapaka watu miguuni, anauchukia sana. Kila ukikanda mutu unamuudhi."

Hilo Tuyisenge alilipenda. Alirudi nyumbani karibu akimbie, akaketi kitandani kwa mama na kummiminia yote, ya pasta na ya Kadiri. Mmoja anasema malaika, mwingine anasema jini, lakini wote wawili wanakubali kwamba majini hayumo. Mukandori alisikiliza mpaka mwisho.

"We unafikiri mi naogopa Shetani?" alisema. "Nimezeeka hivi, atanifanya nini?"

"Sasa ni nini, mama?"

Akapapasa pindo la blanketi.

"Babu yako alikuwaka mutu wa Ryangombe," alisema. Tuyisenge alilijua jina hilo, mkuu wa mizimu ambaye wazee waliingizwa katika ibada yake kabla makanisa hayajaenea. "Mi nilipoenda kusoma dini, nikiwa mutoto, katekista alituambia Ryangombe ndiye Shetani mwenyewe, jina tu. Na watu wake wote wako motoni. Baba alikufa bila kubatizwa." Akalikunja pindo lile. "Pasta anasema moto ule ndio unachemsha maji. Sasa niweke miguu mule, niseme aa, muzuri, na chini kule baba yangu anaungua? Joto linaniponya mimi ndilo linamuchoma yeye?"

Miaka yote hiyo mama alibeba mzigo huo, na hakuna aliyewahi kumpokea. Tuyisenge alimshika mguu, akaanza kuukanda hivyo hivyo, mkavu.

"Mama," alisema baadaye, "na babu mwenyewe alikuwaka anasema anaenda wapi?"

Mukandori akamgeukia. Swali hilo hakuwahi kuulizwa, wala na katekista wala na pasta.

"Karisimbi," alisema taratibu. "Watu wa Ryangombe wakifa wanaenda Karisimbi, juu kule mlimani, kweupe kwa barafu. Moto wa Nyiragongo, ule mlima unawaka, ni wa wale walimukataa."

"Pasta ana yake, Kadiri ana yake, katekista wako alikuwa na yake. Nani anasema kweli, mi sijui. Lakini safari ilikuwa ya babu. Nani anajua njia kumupita mwenye safari?"

Mukandori alilia kidogo, akalala. Asubuhi akaomba abebwe, na safari hii hakufunika uso.

Kwenye maji alikaa juu ya jiwe lake la siku zote. Aliingiza mguu mmoja, akasubiri kama anayesikiliza kitu, kisha akaingiza wa pili. Tuyisenge akachota udongo, akaanza kukanda. Mama akainama, akateka maji kwa viganja viwili na kuyarusha juu, upande wa milima ambako Karisimbi ilikuwa imezama mawinguni. Akateka tena, akarusha tena.

Mchezaji mpira aliyeketi karibu alirushiwa matone usoni, akauliza mukecuru anafanya nini.

"Anamupelekea baba yake," Tuyisenge alisema. "Kule yuko, kuna baridi sana."