Siku Kaha Alipopanda Kaburini na Machicha Mikononi

Si kweli kwamba Kaha aliingia kaburi la malkia akiwa amelewa. Waliokuwa langoni mwa kijiji, penye mitungi ya maji, walimwona akikimbia, wakamnusa, mengine wakayamalizia wenyewe. Siku ile hakuwa ameonja hata tone. Pombe yenyewe ilikuwa haijachujwa.

Ruhusa ya kutokwenda kazini alikuwa nayo. Karani wa kaburi aliandika kwenye kigae: "Kaha, mchoraji, yuko nyumbani, anatengeneza pombe ya sikukuu." Basi walikuwa uani, yeye na mkewe Tameret, wakivuruga mikate ya shayiri katika chungu kimoja huku wakiimba. Tameret akainua viganja vyote viwili amwonyeshe jinsi uji ulivyoshika. Kaha akavitazama, akaacha kuimba.

"Vidole gumba vyako vinatazamana!"

"Ulitaka vinuniane?"

"Mama wee! Nimemchorea malkia mikono miwili ya kushoto!"

Malkia alisimama ukutani mbele ya Osiri, mungu wa wafu wa Misri, viganja juu, amechorwa kwa wino mwekundu. Wino mwekundu husahihishwa kwa mweusi. Patasi haina wa kuisahihisha. Na ukuta ule alipangiwa Hapi mchongaji, kaka yake Tameret, asubuhi ileile. Akishachonga, malkia atabaki hivyo milele, na Kaha atanyang'anywa kazi aliyorithi kwa baba yake.

Alitoka mbio pekupeku, machicha hadi viwikoni. Langoni wanawake wakamdaka: "We Kaha, unamkimbia mkeo au unaifuata kata ya pombe?"

Akawapita mbio, akapanda mlima hadi kaburini. Alimkuta Hapi ameshaegesha patasi, nyundo iko juu.

"Shemeji, usipige!"

"Lo! Harufu imefika kabla ya mwenyewe."

"Tazama mikono yake."

Hapi akaitazama ile, akaitazama yake, akaketi chini kwa kicheko.

Msimamizi wa kazi alipoingia, Kaha alikuwa anapindisha kidole gumba kwa wino mweusi. Hakuficha kitu. "Kosa ni langu, bwana."

"Umeacha pombe kwa ajili ya kidole?"

"Pombe hungoja, bwana. Nyundo ya Hapi haingoji."

Msimamizi akacheka mpaka taa zikayumba. Akasema mtu wa namna hiyo haondolewi kazini, ila chungu hicho lazima naye akionje.

Kaha alichora miaka thelathini na miwili zaidi, katika makaburi matatu ya kifalme. Na jioni ya siku ile ya kidole gumba, Tameret alimpokea mlangoni. Aliyomwambia ni ya wenye mlango huo, mke na mume, na hayasemwi.