Mguu Usitoke Majini

Shangazi alipiga simu nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea, kwa hiyo sikuona ni nani. Nilipokea tu.

"Jumapili baada ya ibada tunakuja, mimi na baba yako mkubwa," alisema. "Mtoto awe amefungasha nguo zake. Na huyo bibi yenu mwambie nitamkuta hapohapo."

Akakata. Nilibaki katikati ya gereji, geti la watu limelala chini nusu limeungwa, nusu bado. Fundi aliyenifundisha kazi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Mtoto aliyekuwa akisemwa ni mdogo wangu wa mwisho, wa kike, wakati huo yuko darasa la kwanza. Kati yangu na yeye yupo mdogo wetu wa kiume. Mama alitangulia, baba akafuata, na mimi nilikuwa kidato cha pili. Baada ya mazishi ya baba, wazee walikaa nyumbani kwetu Akheri wakatugawa: mimi nitafute ufundi, mdogo wa kiume abaki kwa baba mkubwa, wa kike aende kwa shangazi Nduruma. Nilisema neno moja tu, kwamba tutakaa pamoja. Walicheka, si kwa ubaya. Baba mkubwa akasema, "Haya, tuone." Nikaacha shule, nikapanga chumba Kaloleni karibu na gereji, na tangu siku hiyo ukoo mzima ulikuwa unaona.

Shangazi ndiye aliyeona kuliko wote. "Mtoto wa kike hulelewa na mwanamke," alikuwa akisema kila tulipokutana. "Wewe utamsuka?" Nilijifunza kumsuka. Nilimsuka twende kilioni, mistari ikapinda kama mtaro uliochimbwa na mlevi, na shangazi alipoiona aliifumua yote bila kusema kitu.

Ila safari hii hakuja kwa sababu ya nywele. Alikuja kwa sababu ya Bibi, na Bibi nilimleta mimi.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu alitupeleka kuona magofu ya mawe kule chini, kwenye Bonde la Ufa. Kulikuwa na kuta za nyumba, matuta ya mashamba, na mifereji iliyopangwa mawe kwa ustadi, yote mikavu. Watu waliishi pale zamani sana, mwalimu alisema, wakalima kwa maji yaliyoshuka milimani, kisha wakaondoka. Tukauliza walikwenda wapi. Akasema hakuna ajuaye kwa hakika. Wenzangu walikimbilia kwenye basi kula mikate. Mimi nilibaki nimeutazama mfereji mmoja, nikajiambia haiwezekani wawe waliondoka wote. Mfereji hauachwi hivyo.

Kwetu Akheri maji hugawiwa kwa zamu. Mwenye zamu husimama pale banio, mahali maji yanapoingilia, miguu ndani ya maji na jembe mkononi, akilinda yasigeuzwe. Anayekuja kumpokea huvua viatu na kuingia majini kwanza, ndipo wa kwanza atoke. Baba alikuwa akitupeleka tukasimama naye, tukitetemeka kwa baridi, na usemi wake ulikuwa uleule: mguu usitoke majini kabla mwingine haujaingia.

Jioni yetu ya kwanza Kaloleni umeme ulikatika, na mdogo wangu wa kike alilia akitaka kurudi nyumbani. Sikuwa na nyumbani pa kumrudisha. Maharage yalikuwa jikoni hayajaiva, nikaanza kumsimulia juu ya bibi mmoja wa mji wa mawe. Siku watu wake walipoondoka, zamu ilikuwa yake. Alisimama kwenye banio akimsubiri wa kumpokea, na wa kumpokea hakuja. Ng'ombe walipita, watu wakapita na mizigo yao, moshi ukakoma juu ya nyumba zote, yeye kasimama.

"Mpaka leo?" mdogo wangu aliuliza.

"Mpaka leo."

"Kwa nini hafi?"

"Hajapokewa."

Aliacha kulia. Akala. Kesho yake akaulizia Bibi amefanya nini tena.

Basi Bibi akakaa nasi. Kila jioni, maharage yakichemka, alifanya jambo. Alitaja nyumba zote za mji wake asije akazisahau, na mdogo wangu wa kiume akamwongezea nyumba za kuchekesha, nyumba ya mzee aliyeogopa kuku, nyumba ya mwanamke aliyekoroma mpaka mbuzi wakahama. Wezi wa maji walimjia Bibi na ndoo zao. "Bibi, tumekuja kukupokea, nenda kapumzike." Bibi hakutazama sura zao, alitazama miguu. "Vua viatu!" Hapo watoto walipiga kelele pamoja naye, na wezi wakakimbia. Mama mwenye nyumba aligonga ukuta. "Huyo bibi yenu," alisema asubuhi, "mwambieni wiki hii zamu ya kusafisha choo ni yake."

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeanzisha kikombe. Alisema mtu aliyesimama kwenye mfereji hawezi kunywa maji anayoyakanyaga. Kila jioni akaweka kikombe cha maji mlangoni.

Sijui ilimchukua muda gani kuyasema nje. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwauliza watoto wanakaa na nani nyumbani, na wangu akasimama akajibu: na kaka zangu na Bibi. Bibi gani? Wa mji wa mawe. Watu wake wote wameisha, yeye hafi, jioni tunamwekea maji. Maneno hayo yalipofika Nduruma yalikuwa yameshapita vinywa vingi. Kuna kikongwe asiye na ndugu, asiyekufa, anayeingia kwenye chumba cha yatima giza likianza na kupewa maji. Ningesikia hivyo juu ya watoto wa mtu mwingine, ningevaa viatu nikaenda.

Nilimwambia mdogo wangu wa kiume shangazi amesemaje. Alifikiri kidogo.

"Tumuue Bibi," alisema. "Aliwe na fisi."

"Acha fisi."

"Basi augue. Malaria."

Jumamosi jioni nilijaribu. Nilianza kwa sauti ya kawaida, nikigeuza maharage ili nisimtazame mtu. Siku moja Bibi aliamka hajisikii vizuri. Kichwa kinamuuma, jembe limekuwa zito.

"Nani kaja kumpokea?" mdogo wangu wa kike aliuliza.

"Hakuna aliyekuja."

"Basi hawezi kufa."

"Mtu akiugua sana anaweza."

"Mama aliugua sana," alisema. Mwiko ulinigandia mkononi. Nikasema Bibi alipata nafuu.

Baadaye kidogo nilimwita pembeni. Nikamwambia kesho akiulizwa, aseme hakuna Bibi yeyote, ni hadithi tu. Alinitazama kama mtu anayeambiwa maji ni majimaji.

"Najua ni hadithi," alisema. "Mwalimu aliuliza tunakaa na nani. Yeye si tunakaa naye?"

Jumapili niliamka mapema nikafua nguo zake zote. Zote. Nikazianika zikiwa zinachuruzika.

Walifika wametoka kanisani. Baba mkubwa alikuwa na koti lake la harusi na misiba. Shangazi alivaa viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa mkanda, akavifuta vumbi kwa kitambaa kabla ya kukanyaga sakafu yetu. Shikamoo, marahaba, poleni na safari. Nilimimina chai. Wadogo zangu walikaa kitandani wamebanana.

"Nguo za mtoto ziko wapi?" shangazi aliuliza.

"Kwenye kamba, shangazi."

"Zipi?"

"Zote."

"Umefua nguo zote leo?"

"Zilikuwa chafu."

Baba mkubwa alificha uso ndani ya kikombe. Shangazi alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Nduruma kuna jua," alisema. "Zitakauka hukohuko." Akageuka aweke kikombe chake chini, ndipo akakiona kile cha mlangoni.

"Hiki cha nani?"

Nilisikia redio ya jirani, na mtu akipuliza jiko nje.

"Nauliza, hiki cha nani?"

"Cha Bibi," mdogo wangu wa kike alisema.

"Bibi yupi? Mama yangu alikufa wewe hujazaliwa. Mama wa mama yako alikufa. Wewe huna bibi!" Sauti ilimpanda. "Kaka, umesikia? Nilikwambia njiani, ukasema ni maneno ya watu. Haya, si hicho kikombe?"

Baba mkubwa alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Nilimjua vizuri. Alikuwa mtu wa kamati ya mfereji, aliyezoea kukaa katikati ya wagomvi wawili, na pale sikumwona yuko katikati. Alikuwa ameshakubaliana na dada yake tangu Akheri.

"Mwambie mtoto," shangazi aliniamuru. "Mwambie sasa hivi, mbele yetu, kwamba huyo kiumbe amekufa. Maji yamwagwe, tuombe, tuondoke."

"Sema, mwanangu," baba mkubwa alisema polepole. "Pengine shangazi yako ataridhika."

Pengine. Lilikuwa neno dogo, na nililiona kama mlango. Ningesema maneno mawili, amekufa basi, huenda mdogo wangu angebaki. Nilifungua mdomo. Mdogo wangu alikuwa ananitazama, wala hakuwa na hofu. Alikuwa anangoja kuona nitafanyaje.

"Siwezi," nilisema. "Hajapokewa."

"Hajapokewa nini?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, magofu, mifereji ya mawe, watu walioondoka, zamu, mwanamke aliyebaki kwenye banio. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho. Nilitarajia shangazi atapiga kelele. Hakupiga. Alivuta kigoda akakaa karibu yangu, akashika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akayatazama makovu ya cheche.

"Baba," aliniita kwa upole, hivyo ndivyo anavyoniita akiwa hana hasira. "Umesimama vya kutosha. Kila mtu anaona. Haya, mimi nimekuja kukupokea. Nipe mtoto, wewe urudi shule."

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Kelele ningezivumilia siku nzima. Nilikuwa nimechoka kweli, tena kwa namna ambayo sikuwa nimemwambia mtu, na aliyesema alikuwa dada wa baba yangu, na alisema kweli. Nje mtu alicheka. Shangazi alikuwa ameshaanza kusimama, mkono ameunyoosha kitandani.

"Vua viatu," mdogo wangu alisema.

Mkono wa shangazi ulisimama hewani. "Unasemaje?"

"Vua viatu, shangazi. Anayepokea anavua viatu."

Mdogo wangu wa kiume aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Baba mkubwa aliweka kikombe chini. Nilijua kofi linakuja, nikajisogeza katikati.

Kofi halikuja. Shangazi alizaliwa kwenye boma lile la Akheri. Kabla hajaolewa Nduruma alisimama kwenye banio lile miaka ya usichana wake yote, na mimi katika kuogopa kwangu nilikuwa nimelisahau hilo.

"Nani kamfundisha huyu maneno ya mama yetu?" aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza kaka yake.

"Marehemu baba yao, nadhani," baba mkubwa alisema. Akakohoa. "Ila ndivyo ilivyo. Zamu hupokelewa palepale kwenye banio. Ukiyachota maji ukaenda nayo kwako, hiyo siyo zamu."

"Unanifundisha mimi mfereji?"

"Sikufundishi. Nilishamtoza mtu mbuzi kwa jambo hilohilo. Tena ini ulikula wewe."

"Sasa ulikubali nini kule nyumbani?"

"Nilikubali kabla hawajalisema hilo. Likishasemwa, nifanyeje?"

Shangazi alitazama mlango. Alitazama chumba chetu kizima, na hakikuwa na mengi ya kutazama: kitanda, godoro lililosimamishwa ukutani, jiko, vitunguu kwenye kikapu. Akainama. Nilidhani anachukua mkoba wake. Alifungua mkanda wa kiatu cha kwanza, ukakwama, akauvuta kwa nguvu akinung'unika kwa Kimeru. Akafungua cha pili. Visigino vyake vilikuwa na nyufa kama vya baba. Akavipanga viatu mlangoni kando ya vyetu, kikombe akakisogeza kidogo ili visikiguse.

"Hivyo vitunguu vitaota," aliniambia. "Lete kisu."

Baba mkubwa alirudi Akheri peke yake jioni ile. Shangazi alikaa mpaka msimu wa palizi ulipomwita kwake, akaenda, akarudi, na tangu hapo amekuwa wa kwenda na kurudi. Mdogo wangu hakuhama. Mimi sikurudi shule, na shangazi hajaacha kunisema kwa hilo. Nywele anasuka yeye akiwepo, na akiwa hayupo nasuka mimi, mistari imenyooka siku hizi.

Hadithi hakuipenda mara moja. Jioni za kwanza alitugeuzia mgongo akajifanya anachambua mchele. Halafu siku moja, Bibi akiwa amesimama na wezi wako mbali bado, alishindwa kujizuia.

"Huyo mtu mzima," alisema, "anasimama miaka yote hiyo, magoti hayamuumi? Hakuna hata jiwe la kukalia, na mji wote ni wa mawe?"

Tulimtazama mdogo wetu wa mwisho. Mambo ya Bibi mwenye kauli ya mwisho alikuwa yeye. Alifikiri, kidole mdomoni, akasema anaweza kukaa, mradi miguu ibaki majini.