Bastola ya Emmett

Wendell Krause alikuwa ametafuta bastola ya gumegume miaka nenda miaka rudi, iendane na bunduki yake ndefu ya enzi za wachuuzi wa ngozi. Kiangazi hiki, kwenye kambi yao ya Wyoming ya kuigiza maisha ya enzi hizo, ambako hata kijiko cha kisasa ni marufuku, akaiona. Ilikuwa juu ya blanketi la kubadilishana vitu la Lorna, mjane wa rafiki yake Emmett, fundi bunduki. Ubavuni ilikuwa na nyoka wa shaba, pacha wa yule wa bunduki yake.

Moyo ulimruka, lakini uso akaukunja. Kwenye blanketi, anayeonyesha tamaa ameliwa.

"Shemeji, hii haifanani na za enzi zile," akasema, mnafiki mkubwa. "Emmett hapa alibahatisha tu."

"Emmett? Abahatishe?"

"Alikuwa binadamu, shemeji. Chukua sufuria yangu ya shaba, yaishe."

Wakapeana mikono. Mkono ukishatolewa, biashara haivunjwi.

"Ilikuwa yako hata hivyo," Lorna akasema. "Alikutengenezea wewe, akiwa anaumwa, hata kukaa hawezi. Nilitaka uisifu kwanza, ndipo nikupe bure."

Akaanza kuviringisha blanketi, na bunduki nyingine za Emmett ndani.

"Mbona unafunga mapema?"

"Kama aliyoihangaikia kuliko zote kaikosea, hizi nyingine nitampaje mtu? Asante kwa kuniambia ukweli, shemeji. Wengine wangenificha."